Mwanamke wa Ukutani

Baba Yustina,

Ukungu wa Tumati bado unaingia ndani mlango ukiachwa wazi, na mimi bado nageuka nikidhani ni wewe. Yule ng'ombe mwekundu amezaa. Yustina amemaliza shule. Hayo nimeshakuambia kaburini, Jumapili tukitoka kanisani. Leo ninaandika kwa sababu ya ule ukuta. Nikiwa pale mbele yako sauti inanikatika.

Unakumbuka ulivyofurahi shirika la ngano lilipokutumia gari Dongobesh, ukiwa unaandika jina la duka ukutani. Walitaka picha kubwa kwenye bwalo lao kule Hanang, wageni wakija waone mkate wa taifa unakotoka. Rangi, chakula na kitanda, vyote vyao. Ukaniambia, "Mama Yustina, sasa nitachora kitu kisichouza sabuni."

Ukachora ngano mpaka macho yanapoishia, na trekta, na mlima. Lakini kila ulipotoka nje ulimwona mama mmoja wa wafugaji amekaa katikati ya shamba, mahali palipokuwa na kaburi la mumewe. Trekta zilikuwa zimepita juu, tuta limesawazishwa. Ukamchora naye, pembeni, amekaa juu ya udongo. Meneja akataka umfute. Ukamjibu kwa upole kwamba mkono wako haufuti mtu aliyefiwa. Wakatafuta mtu mwingine akampaka chokaa, nawe ukarudi nyumbani. Mvua za mwaka ule hukuzimaliza, kifua kikakuchukua.

Ulichoniambia kitandani sijamwambia mtu. Yule mama alikupa samli aliyokuja nayo kupaka kaburi, kama desturi yao, ukaichanganya na udongo mwekundu, ukamchora kwa hiyo. Chokaa haishiki juu ya mafuta.

Basi akawa anarudi. Kila masika chokaa inabanduka na yeye anatokea, kwanza magoti, kisha mikono. Wakimpaka, anarudi. Wafanyakazi wanabeba sahani zao wakale nje kwenye upepo. Wanawake wa wafugaji wanakuja kusimama dirishani.

Halafu meneja mpya akaja hapa nyumbani mwenyewe. Kijana wa adabu, alinipa shikamoo kabla hajakaa. Alisema amesikia Yustina ana mkono wako. Shirika litamsomesha uchoraji mjini mpaka amalize, ila kwanza awachoree picha mpya pale pale, na mimi niwaambie ulitumia nini, ili ile ya zamani iishe kabisa. Yustina akaniangalia. Unajua anavyotaka.

Tukaenda. Bwalo lilikuwa tupu, linanuka maharage na unyevu. Yustina akaanza kukwangua chokaa iliyolegea kwa kisu. Uso ukatoka. Akasimama.

"Mama," akasema, "huyu ni wewe."

Mume wangu, ni mimi. Hata kovu la kwenye nyusi. Labda yule mama alikataa sura yake ibaki kwenye nyumba ya watu wale, nawe ukamwazima ya kwangu. Sijui. Lakini ulinichora nimekaa kaburini ukiwa bado mzima. Mdomo umevutika upande mmoja, vile vile nilivyolia siku tuliyokuzika. Uliiona wapi sura hiyo? Ulikuwa unajua, ukanyamaza?

Meneja aliponiuliza tena nilimwambia ninajua ulichotumia, na sitasema. Hakukasirika. Alisema basi ukuta utabomolewa, na nafasi ya Yustina atapewa mtoto wa mwingine. Yustina alilia njia nzima kwenye lori, ila hakuniambia nimekosea. Siku hizi anachora kwa mkaa jikoni. Ananichora mimi. Simkatazi.

Ukuta umeshabomolewa. Dereva wa lori amenieleza kwamba wanawake wa wafugaji walikuja wakaokota vipande vyekundu, kimoja kimoja, wakavipeleka shambani na kuvirundika pale palipokuwa na tuta. Yule mama mwenyewe yupo hapo, amekaa. Trekta zinamzunguka.

Kwa hiyo uso wangu uko juu ya kaburi la mtu nisiyemjua. Ninasikia baridi ya udongo mashavuni nikiamka.

Jumamosi ninashuka Hanang kukaa na yule mama. Sijui lugha yake, naye hajui yangu. Nitakaa tu. Yustina amesema tutakwenda wote.

Lala, Baba Yustina. Nikirudi nitapita kwako kwanza, kabla sijaingia ndani.

Mama Yustina