Siku Nasra Alipoacha Kukohoa

Buyenzi, Bujumbura
Jumapili, baada ya alasiri

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku kwenye ncha ya juu ya ziwa, na ningekuwa karibu ningekukanda lile goti kwa mikono yangu mwenyewe kabla hujaniitikia. Linaendeleaje? Usiniandikie tena kwamba ni zima, maana aliyenieleza kwamba unakwenda sokoni umeshika fimbo ni yule yule mzee wa boti aliyeniletea barua yako. Dagaa wamefika, mchele umefika, na ile kanga umechagua vizuri. Nasra ameshaichukua. Anajifunga akivua gauni na akilala anajifunika.

Sisi tuko wazima leo, alhamdulillahi. Nasema leo kwa sababu ninayo ya kukueleza, na naomba usomewe ukiwa umekaa, na ujue tangu sasa kwamba mtoto yuko hapa mbele yangu anakula karanga.

Uliniandikia nimlete Nasra kwako Ujiji mpaka huku kutulie, halafu chini ukaandika unaogopa. Ukaniuliza, mtoto anakohoa mwaka mzima, nitajuaje kwamba leo ni kikohozi chake cha siku zote na leo ni cha hospitali? Barua hiyo nilikaa nayo muda. Nilitaka kukujibu haraka, nikuandikie akikohoa sana mpeleke, basi. Ningekujibu hivyo, mama, ningekudanganya. Kabla sijanunua bahasha ndipo likatokea hili.

Unakumbuka wewe ndiye uliyeona kwanza. Alikuwa mchanga, ukambusu paji la uso ukasema, "Zena, umezaa mtoto au samaki wa chumvi?" Tukacheka sote. Mpaka tulipompeleka Maskati kwa shangazi wa baba yake, hospitali ya kule wakampima jasho, wakasema hiyo chumvi ndiyo dalili yenyewe. Ugonjwa wenyewe unaitwa sistiki fibrosi. Amezaliwa nao, haumwambukizi mtu, na haumtoki. Ute wa kifuani mwake ni mzito kama gundi. Akiukohoa ukatoka, anapumua. Ukibaki ndani, unafuga vijidudu. Kwa mtoto mwingine kikohozi ndio ugonjwa, kwake yeye ni ufagio. Ndiyo maana kila asubuhi namlaza kifudifudi mapajani, nampigapiga mgongo kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, ili ute uachie.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo. Tulipotoka kwetu Carama, risasi zilikuwa zinapita juu ya mihogo yetu, tukaja hapa Buyenzi kwa mama mkwe wangu, Bi Rukia. Ametupokea vizuri, unamjua, mdomo wake mkali lakini sahani yake imejaa. Nyumba yake ina chumba kimoja cha ndani kisicho na dirisha. Milio ikianza huko milimani au huko kaskazini, tunaingia humo wote, tunalala chini kati ya kitanda na ukuta, taa tunazima, na hakuna anayesema. Siku moja tuko humo, jioni, tumesikia viatu vinapita barabarani, vizito. Nasra akakohoa. Akakohoa tena. Viatu vikapita vikaenda zao. Kimya kilipokuwa kirefu Bi Rukia akamnong'oneza, "We mujukuu yangu, hicho kifua chako kitatuitia wageni, na mi sina sukari ya kuwapa." Tulicheka mama, tumeziba midomo kwa kanga. Na Nasra alicheka. Nilimsikia.

Baada ya hapo kikohozi kikaanza kupungua.

Usione haya kwamba na wewe ungefurahi. Nilifurahi mimi. Bi Rukia alikuwa anampa habasoda kwa asali, akawaambia majirani dawa imeshika. Majirani wakaja kuomba habasoda. Yule mama anayeuza mkaa akaniambia, "Mama Nasra, sasa hata mtoto wako hatumusikie, Mungu ni mkubwa." Mimi mwenyewe nilikwisha anza kukuandikia kichwani, nakupa habari njema. Nikawa nampigapiga mgongo harakaharaka, mara nyingine siku inapita sijampiga, nasema amepona, acha apumzike.

Kilichonishtua ni sahani. Unajua anavyokula huyu. Anakula kama mpagazi, na bado mbavu zinahesabika, chakula hakimshiki bila vile vidonge anavyotumiwa na yule shangazi wa Maskati. Ukipakua ugali wa muhogo na maharage ya mawese, yeye anauliza kimebaki? Wiki ile hakuuliza. Kisha akaacha nusu. Akasema ameshiba, akamsukumia mtoto wa jirani.

Halafu kamba. Wasichana wa hapa wanaruka kamba mbele ya garaji ya Rama, fundi wa magari wa ng'ambo ya barabara. Nilitoka kumwaga maji nikaona Nasra ameshika ncha ya kamba, anawazungushia wenzake. Nikasema mtoto ana adabu, anawaachia zamu. Nikarudi ndani. Jioni nikatoka, bado ameshika ncha. Kesho yake, ncha. Nikamwuliza mbona huruki? Akasema, "Napenda kuzungusha." Mtoto anayependa kuzungusha kamba umewahi kumwona wewe?

Basi asubuhi iliyofuata nikamlaza mapajani vizuri, kama zamani. Nilipoweka tu kiganja, kabla sijaanza kupiga, nikasikia kwa mkono. Masikioni hakuna kitu, kimya kabisa. Lakini chini ya kiganja mgongo ulikuwa unatetemeka, kama sufuria ya maharage inayochemka umeifunika. Nikampiga kidogo, nikamwambia kohoa mama. Akafumba midomo. Machozi yakamlenga, shingo ikakaza, akameza. Nikamgeuza nikamtazama. Kucha zimepauka, zinaelekea rangi ya samawati. Anapumua kwa mabega, mabega yanapanda na kushuka kama mtu aliyebeba ndoo.

Nikasema tunakwenda hospitali.

Ungekuwepo ungesikia. Bi Rukia alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua macho. Akasema, "Kwa nini? Mutoto hana homa. Mugusie, baridi. Hakohoi. Anakujibu ukimuita. Utamupeleka huko Kamenge leo, leo na hizi risasi, umuambie daktari anaumwa nini?"

Na hakusema uongo, mama. Hospitali iliyo na daktari anayemjua iko Kamenge, na asubuhi ile mlio ulikuwa unatoka upande huo huo. Bisi, mabasi ya huku, hazikutoka. Baba Nasra alikuwa amevuka kwenda Uvira kutafuta vipuri, mpaka umefungwa nyuma yake. Nikakaa chini. Nikajiambia ngoja mchana. Nikajiambia ngoja kesho, labda kesho bisi zitatoka. Nikimpeleka na hana kitu, nitakuwa nimempitisha mtoto mzima katikati ya risasi kwa ajili ya nusu sahani ya ugali na kamba. Nikimweka nyumbani, na anacho? Nilikuwa namtazama mabega tu. Hakuna mtu wa kunikatia neno. Nilitamani ungekuwa karibu useme nenda au useme kaa, nami nikutii.

Kisha Nasra mwenyewe akaja akakaa karibu nami, akaegemeza kichwa, akasema, "Mama, mi si mugonjwa. Sikohoi." Alivyolisema hilo, polepole, kama mtu anayetoa taarifa kwamba kazi aliyopewa ameifanya, ndipo moyo ukanipasuka. Nikasimama nikajifunga kanga.

Nikavuka barabara kwa Rama. Nilikuwa hata sijui nitamwambia nini. Yeye alikuwa chini ya gari la mteja, miguu inaonekana. Nikaieleza miguu hiyo. Akatoka, akafuta mikono, akamwangalia mtoto, akasema, "Hii gari mwenyewe aliniambia niijaribu. Hakuniambia niijaribu mpaka wapi." Gari lenyewe halina viti vya nyuma, tumekaa juu ya godoro la Bi Rukia. Ndiyo, la Bi Rukia. Alilileta mwenyewe amelikumbatia, amenuna, akalisukuma ndani akarudi kwenye mchele wake.

Kwenye kizuizi wakatusimamisha. Askari kijana akachungulia, akauliza mgonjwa ni yupi. Nikamwonyesha. Akamtazama Nasra akasema mbona huyu amekaa tu. Gari wakati huo linatikisika na kutoa moshi, pwaa, pwaa. Rama akasema, "Afande, mgonjwa amenyamaza, inayokohoa ni gari. Tuache tupite kabla haijalala hapa kwako uilinde na yenyewe." Yule kijana akauma mdomo asicheke. Akainua mti.

Hospitali tulimkuta yule daktari wa watoto, mama wa makamo, anayemjua Nasra tangu tulipotoka Maskati. Akauliza kama wanavyouliza. Homa? Nikasema hapana. Anakohoa kuliko siku zote? Nikasema, "Hakohoi kabisa, daktari. Ndiyo maana nimemleta."

Niliogopa atacheka. Hakucheka. Aliacha kuandika, akamwita Nasra, akaweka kile chombo chake mgongoni, huku, huku, chini, akasikiliza muda mrefu. Akamtia kidude fulani kidoleni. Kisha akaniambia kwa upole kwamba upande wa kulia chini hewa haipiti vizuri, ute umejaa, na mtoto atabaki hapa apewe oksijeni na dawa za mshipani. Akasema umekuja wakati bado upo.

Akachuchumaa mbele ya mtoto, akamwuliza, "Nasra, nani alikukataza kukohoa?"

Nasra akaniangalia mimi kwanza. Akasema, "Hakuna. Ni mi mwenyewe." Daktari akangoja. Basi Nasra akasema, "Nikikohoa watatusikia. Wale wa bunduki. Bibi alisema nitawaita."

Mama, alikuwa anakimeza mchana na jioni. Alikuwa anafanya mazoezi mchana ili jioni asikosee. Mtoto wa miaka minane alikuwa anatulinda sisi watu wazima, kwa kifua hicho hicho.

Daktari akamwambia hapa hospitalini kuna amri moja tu, kila mtu akohoe kwa nguvu. Akaweka kiganja chake mgongoni, Nasra akaanza, kwanza kidogo kama anaiba, halafu kikaja chote. Makohozi yalitoka ya rangi ambayo sitakuandikia. Nililia, na sijui nilikuwa nalia kwa huzuni au kwa kukisikia kikohozi chake.

Tulikaa huko mpaka akaanza kuuliza kama chakula kimebaki. Kabla hatujaondoka nilimwuliza daktari swali lako, mama, lako hasa, kama ulivyoliandika. Akasema homa usiingojee, wengine haiji. Akikohoa zaidi ya kawaida yake, njoo. Akikohoa chini ya kawaida yake na huku hali chakula, hachezi, njoo pia. Makohozi yakibadilika rangi, yakawa na damu, akipumua kwa mabega, usingoje kesho. Na joto likiwa kali, maji na chumvi apewe, maana chumvi yake inatoka yote kwa jasho. Kisha akasema, "Ukiona amebadilika na hujui kwa nini, mulete. Nitakurudisha nyumbani mara kumi na sitakasirika."

Nyumbani nilimweleza Bi Rukia yaliyosemwa, nikiwa nimeyapunguza makali. Alichukua vyombo ambavyo vilikwisha oshwa akavitoa nje kuviosha tena. Jioni ile ile milio ikaanza, tukaingia chumbani. Akajilaza ukutani, akamvuta Nasra kifuani kwake, akamwambia, si kwa kunong'ona, "Kohoa, mama. Wakija kuuliza tutasema ni mi, kizee cha pumu." Na yeye akakohoa wa kwanza, kikohozi cha uongo kibaya sana, hata Nasra alimwambia, "Bibi, si hivyo," akamwonyesha.

Basi nimeamua. Tunakuja. Namleta mwenyewe na boti la yule mzee, baba yake akisharudi kutoka Uvira, na ameshatuma neno kwamba ameridhia. Nitakaa nawe mpaka kiganja chako kimjue mgongo. Hata sasa ukimwona mtoto yeyote wa hapo, mpigepige mgongo, uzoee mgongo wa asiyeumwa unavyokuwa. Na utafute tangu sasa nani hapo hospitali ya Kigoma anashughulika na vifua vya watoto, tusije kumtafuta siku ya haja.

Nisalimie kaka Yusufu mvuvi na mkewe, mwambie nguo za mtoto mchanga nitazileta. Msalimie shangazi Tatu anayekusomea barua hii, mwambie asiruke pale nilipomtaja mkwe wangu na mdomo wake. Bi Rukia anakusalimu na anakuletea habasoda, usibishane naye. Rama fundi naye anakusalimu, hakujui, lakini anasema mama wa Mama Nasra ni mama.

Mimi mwanao akupendaye na ambaye bado anakusubiri useme nenda au kaa,
Zena, Mama Nasra

Nilikuwa nimekwisha kunja karatasi, nimeifungua tena. Nasra anauliza kama nyumba yako iko karibu na barabara. Nimemwambia iko karibu sana. Akauliza, na watu wakipita wanasikia? Nimemwambia wanasikia, na wanaingia kunywa chai. Hajaniamini. Siku tutakayofika, kabla ya kumpa chochote, kabla hata ya kumbusu hiyo chumvi yake, mkalishe kizingitini penye watu, umwambie wewe mwenyewe kwamba kwa bibi Ujiji mtu anakohoa anapotaka.