Koti la Mwalimu Mkuu

4 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Natumai u mzima, mimi sijambo. Siandiki kuomba kurudi, cherehani yangu imeshapata meza yake. Ila jana nilipiga pasi koti la sufu nililomshonea mteja wangu wa kwanza, mama mmoja mwalimu mkuu, na mgongo mzima umebaki unang'aa kama sufuria. Miaka yote niliyokaa kwako ulinifundisha kukata na kushona, pasi ukainyamazia. Ulinificha makusudi, nikitoka niaibike. Analifuata mwisho wa mwezi.

Mpwa wako

11 Juni

Mpwa,

Marahaba. Afya yangu haikukuhusu ulipoondoka bila kuaga, isikuhusu leo. Sikukuficha kitu. Nilipokuwa napiga pasi, wewe ulikuwa mlangoni, simu sikioni.

Sufu haiburutiwi pasi. Geuza koti ndani nje, tandika kitambaa cha pamba kilicholowa na kukamuliwa, weka pasi, inua, sogea. Bega lipigie juu ya taulo lililokunjwa, na uliache lipoe hapo hapo. Ukiliinua likiwa moto litapinda kama maneno yako. Huo mng'ao upandishie mvuke, kisha brashi.

Nimesema kwa ajili ya koti, si kwa ajili yako.

Shangazi

30 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mng'ao umetoka. Mwalimu alizunguka mbele ya kioo, akauliza nani alinifundisha. Nikamjibu nimejifundisha mwenyewe. Nakuambia mapema usije ukayasikia kwa watu. Ulinifokea vya kutosha mbele ya wateja, shukrani usizitegemee.

Mpwa

12 Septemba

Mpwa,

Marahaba. Mwalimu wako alikuja hapa na koti mwilini. Anataka sketi ya kuvaa nalo, na amesikia mimi ni fundi wa siku nyingi. Nikamwomba alivue. Nikapitisha mkono begani, nikaligeuza, nikatazama ndani. Mishono imelala.

Akaniuliza kama lina kasoro, maana aliyelishona, alisema, hakufundishwa na mtu. Jibu lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikalimeza. Nikamwambia, "Kasoro siioni. Aliyeshona koti ndiye ashone na sketi."

Atakuja kwako Jumatatu. Mpime vizuri, nyonga yake ya kulia imepanda kidogo.

Usiniandikie tena.

Shangazi