Miraba Yangu Wanaiita Makaburi

Mama yangu,

Mjukuu wako Kastori sasa hivi amekwapua nyasi kiganja kizima kwenye mraba wa kwanza, akajimwagia kichwani, anacheka. Nimemnyang'anya haraka nikazirudisha, maana mwenyekiti wa kitongoji kasema zisiguswe mpaka waje kuchimba. Shikamoo mama. Kifua chako kimeachia? Sisi miili ni mizima, ila mambo si mazima.

Nakuandikia nikiwa hapa hapa shambani, mlimani, ziwa naliona kule chini. Simu ya jirani yako sikuitaka. Haya si ya kusikiwa na jirani.

Ni ngoro, mama, kilimo chetu cha mashimo. Baba Kastori alifyeka, akalaza nyasi miraba miraba kama nilivyomwelekeza, vile tunavyolima kwetu Mpepai. Kisha akaitwa dago, kambini kwa wavuvi, kuvua usipa, na mtoto akashikwa na homa, basi nikachelewa kuzifukia kwa udongo. Nyasi zimekauka palepale. Ukiziona kwa mbali, kweli ni kama makaburi yamepangwa.

Sasa hapa kuna vijana wa sekondari, watoto wa watumishi waliohamishiwa huku. Wanasoma kwenye simu katuni za Kijapani, wenyewe wanaziita manga, za vijana wanaopeleleza mizimu katika mji wao. Nao wakaanza ya kwao. Mchoraji ni Jeska, binti wa nesi. Walipita huku juu, wakaona miraba, wakachora mwanamke kabeba mtoto mgongoni, anazika watu. Mama, na kanga ni yangu ile ile! Picha wakaibandika dukani, watu wakacheka. Juzi mtoto wa jirani yangu wa hapa akapata degedege. Hakuna aliyecheka tena.

Mama yake alinikabili bombani mbele ya watu. "Mmatengo, umekuja na vyako. Fukua ulichofukia, au rudi kwenu na mwanao."

"Dada, sijafukia bado, ndiyo taabu yangu!"

Hata hakutabasamu. Mama mkwe ananitetea, lakini kwa sauti ndogo.

Kwa hiyo leo wanapanda wote kuja kuchimba. Siogopi kilichomo, hakimo kitu. Ninachoogopa ni mtu kutangulia akaficha hirizi chini ya nyasi, ndiyo maana nimewahi kuja kulinda. Wakikuta hata mfupa wa kuku, mimi na Kastori tunafukuzwa, na baba yake hayupo.

Jeska naye kaja mapema, peke yake, macho mekundu. "Dada, mimi nilichora tu."

Nikamwambia, "Na mimi nililaza nyasi tu. Kaa, tulinde." Amekaa kule chini mwisho wa shamba, mimi huku juu. Mbuzi akilia tunashtuka wote wawili.

Mama, kijana atakayekuletea barua hii mpe mbegu ya maharage, yale ya njano. Nitapanda, mama, hapa hapa. Msalimie baba, jembe alilonipa ninalo. Shangazi aniombee kwenye jumuiya, na mdogo wangu asiache shule.

Nawasikia wanakuja. Aliye mbele ni mama wa yule mtoto wa degedege, kambeba mgongoni, na mtoto kainua kichwa anaangalia angalia, Mungu ashukuriwe. Nimeamua nisisubiri kuamriwa. Jembe nitampa yeye mwenyewe, achague mraba autakao, achimbe mpaka aridhike, na akishachoka nitamwomba tufukie pamoja. Jeska ananiita, mama, anasema wamefika kwenye mraba wa chini; naacha kalamu, nashika jembe.