Swichi Namba Tatu

Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu, Fundi Saa,

Pole kwa mshtuko wa kuuona mwandiko wangu baada ya miaka kumi na tisa. Hujambo? Macho bado yanayaona meno ya saa? Mimi nipo, ila moyo umechoka. Daktari ananiambia, "Tutaona, Mzee," na kwa umri wangu najua maana ya "tutaona".

Basi nitubu kabla sijafika mahali pasipofika posta.

Unaikumbuka treni yetu ya mezani, chumba cha nyuma, na siku tuliyowaalika wakwe zangu waione. Ulibonyeza swichi namba tatu ili treni ipinde kuingia stesheni. Ikaruka mezani, ikatua kwenye chai ya mama mkwe. Nikakwambia mbele ya watu kwamba hujui kulia wala kushoto. Ukakitia kichwa cha treni mfukoni, ukaondoka.

Ndugu yangu, ni mimi. Asubuhi ile ulipokwenda kuoga, niliingia chini ya meza, nikauweka waya mwekundu mahali pa wa kijani, na wa kijani mahali pa mwekundu, ili ukiamuru kupinda, treni inyooke na uchekwe kidogo. Kisa? Uliandika jina lako peke yako kwenye kibao cha stesheni. Mimi, mwalimu wa fizikia mzima! Treni ilipokaribia mahali pa kupinda nilifumba macho kwa aibu.

Jana niliingia tena uvunguni, nikazirudisha nyaya. Nilikwama humo mpaka binti yangu akanivuta kwa miguu kama godoro. Nisamehe. Njoo.

Kaka yako


Tarehe 29 Aprili

Shikamoo Kaka,

Mimi mzima, ila sasa navaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Pole na moyo. Barua yako nimekaa nayo wiki nane kwa sababu jibu lake lina aibu.

Siku ile nilikuona ukitoka chini ya meza na utando wa buibui ndevuni, ukipiga mluzi. Wewe na mluzi wapi na wapi? Nikaingia, nikazirudisha nyaya kabla ya wageni kufika. Swichi ilikuwa sawa na treni ilipinda vizuri. Ungefumbua macho ungeona. Iliruka kwa sababu ya mwendo. Nilitaka wakwe zako waone kasi, nikafungua yote kwenye kona.

Uliponisema mbele za watu, nikapata sababu ya kununa. Mwaka wa kwanza kununa kulikuwa kutamu. Baadaye sikujua mtu anaachaje.

Sasa piga hesabu, Mwalimu. Wewe ulibadilisha, mimi nikarudisha, juzi umebadilisha tena. Swichi umeiharibu kwa kutubu.

Mdogo wako


Tarehe 6 Mei

Wewe mtoto!

Salamu baadaye. Miaka kumi na tisa nimejibebesha dhambi ambayo hata haikufanya kazi! Nimeijaribu kwa kusukuma behewa kwa mkono: kweli, ukiamuru kupinda, linanyooka. Binti yangu ameziba chini ya meza kwa masanduku ili nisiingie tena. Uliyeitengeneza kwa siri, njoo uitengeneze hadharani. Na ufanye haraka, maana "tutaona" ya daktari imegeuka kuwa "Mungu mkubwa".

Kaka yako


Tarehe 24 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini basi limekufikisha salama na mgongo umepona baada ya siku tano za uvunguni. Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke jana. Hata binti yangu anauliza mbona hakuna anayegombana.

Kichwa cha treni ulichoondoka nacho mwaka ule nimekikuta juu ya reli. Kibao cha stesheni nacho nimekiona: majina mawili, langu la kwanza.

Sasa toba ya pili. Leo baada ya chai nimeshika bisibisi. Sikuinama, nyaya za swichi namba tatu nimezibadilisha huku juu, kwenye kibao cha vitufe. Swichi ikiwa nzima, wewe huna sababu ya kusafiri kutwa nzima, na mimi kusema tu "njoo, naogopa" sijazoea.

Kaka yako


Tarehe 28 Mei

Shikamoo Kaka,

Usiguse swichi. Usiguse bisibisi. Usife.

Barua hii sikuitia posta. Naileta mwenyewe.

Mdogo wako