Kigezo cha Bi Mwanaisha na orodha ya Rukia

Jumamosi, saa nane mchana. Joto la kunata. Pazia limesimama kama limepigwa pasi.

Nimejidunga sindano mara tatu tangu asubuhi. Kofia niliyoishika ni nyeupe, na sasa ina tone la damu karibu na ukingo, itabidi niiloweke. Si kawaida yangu. Mikono iko hapa Kibokoni lakini moyo uko Ganjoni, orofa ya pili, ofisini kwa Rukia.

Rukia ni binti yangu wa pekee. Anaandika programu za kompyuta. Bado yuko kwenye miezi ya majaribio, yeye na kijana mwenzake aitwaye Katana, na mkubwa wao, Bwana Faraj, aliwaambia tangu siku ya kwanza kwamba nafasi ni moja. Jumatatu atasema nani anabaki.

Na mimi ndiye niliyemtuma leo akaseme jambo ambalo huenda likamtoa yeye.

Jumamosi hutoka saa saba. Sasa ni saa nane na simu haipokei.

Wacha nieleze nilivyoelewa, labda nikiandika nitatulia. Mimi nilisoma hadi darasa la tano, mniwie radhi nikikosea. Lakini Rukia ana subira. Jana baada ya magharibi tulikaa na sahani ya viazi vya karai, akanieleza polepole, nami nikaelewa kuliko nilivyotarajia.

Lugha wanayoandikia pale ofisini inaitwa Java, nayo ina umri wake. Humo, anasema, kila kitu ni kama mtu aliyebeba mkoba. Chukua mgonjwa wa kliniki. Mkobani mwake mna jina, nambari ya simu, siku yake ya kuja. Ukitaka kubadilisha kitu unamwambia mwenyewe, naye anabadilisha humo humo mkobani. Ndivyo Bwana Faraj alivyofundishwa na ndivyo anavyopenda.

Halafu baadaye hiyo lugha ikakaribisha njia nyingine, iliyoazimwa kwenye lugha za aina nyingine. Kwa njia hiyo unaandika kikazi kidogo, wenyewe wanakiita fanksheni. Unakipa kitu, nacho kinakurudishia kitu kipya. Kile ulichokipa kinabaki vilevile kilivyokuwa. Kisha unavipanga vikazi vyako kimoja nyuma ya kingine: cha kwanza kinachuja, cha pili kinageuza, cha tatu kinakusanya.

Nikamwambia, "Si kama kofia tu?"

"Vipi, Mama?"

"Mmoja anakata, mmoja anachora, mmoja anatoboa vitundu na kuvizungushia uzi, wa mwisho anaunganisha. Kila mtu na lake. Anapokea, anapitisha."

Akacheka mpaka kiazi kikamtoka mkononi. "Mama, ungeajiriwa wewe!"

Rukia anaipenda mno hiyo njia. Anasema kazi ya mistari ishirini inakuwa mistari mitatu. Bwana Faraj hana imani nayo. Humwambia, "Binti, shanga zako zapendeza zikishatungwa. Zikikatika, nani atazitafuta chini ya makochi?"

Sasa, tatizo lenyewe.

Wanatengeneza programu ya kliniki moja. Kliniki ilitaka orodha ya kubandika ukutani kila asubuhi, ya watu wa siku hiyo, lakini majina yasionekane yote, herufi za mwanzo tu, ili mtu asisomwe na kila apitaye. Hiyo ilikuwa kazi ya Rukia. Akaandika mistari yake mitatu: chuja watu wa leo, fupisha majina, kusanya. Ikatoka orodha mpya, safi.

Orodha ilikuwa mpya. Watu waliokuwamo walikuwa walewale.

Hapo nilimwambia arudie. Akachukua viazi vitatu kwenye sahani, akavitia kwenye kisahani cha chai. "Kisahani kipya, sivyo? Sasa nikiking'ata kiazi hiki, kile cha kwenye sahani kiko wapi?" Nikasema ni hichohicho. "Basi ndivyo nilivyofanya. Nilidhani nafupisha majina kwenye kisahani changu. Kumbe nimetia mkono mkobani mwa kila mtu."

Na daftari kubwa la wagonjwa, ambalo ni kazi ya Katana, likageuka. Kila jina likawa herufi. Yalikuwa majina ya majaribio, yote yamepangiwa siku hiyo hiyo, si ya wagonjwa wa kweli, Alhamdulillahi. Lakini Jumatano watu wa kliniki walikuja kuangalia kazi ilipofikia. Bwana Faraj akafungua daftari mbele yao, na hamna jina hata moja. F. M. Z. K. Basi.

Nani kafokewa? Katana. Daftari si lake?

Nikamuuliza Rukia, "Kwani hiyo lugha yenyewe haikukuzuia?"

"Haizuii, Mama. Imekaribisha njia mpya lakini milango ya zamani haikuifunga. Kutogusa ni adabu ya mtu mwenyewe."

Maneno hayo yameniganda mpaka sasa.

Alhamisi Rukia akaligundua kosa, peke yake. Akalirekebisha kimya kimya. Badala ya kumfupishia mtu jina lake, anaumba mtu mwingine mwenye jina fupi, na yule wa asili haguswi. Mstari mmoja. Kosa likayeyuka. Na Katana, masikini, bado anapekua kazi yake mstari kwa mstari akitafuta alipokosea, na hapaoni, na anaamini ni yeye.

"Nifanyeje, Mama?"

Sikuwaza hata kidogo. Nikasema, "Nenda kesho ukaseme. Na uyaseme mbele ya Katana, si pembeni. Jina la mtu si kitu cha kuchezea."

Nilisema kifua mbele, kama imamu.

Rukia akaniangalia. "Wewe kwako rahisi, Mama. Wewe hujawahi kumficha mtu kitu."

Nikainuka kwenda kuangalia chai. Hapakuwa na chai jikoni.

Haya. Niliandika juzi hapa kwamba kwenye shajara hii ninayowatumia kwa simu naandika ukweli wangu. Basi na huu nao ni wangu.

Bi Mwanaisha ni jirani yangu, mlango wa tatu ukishuka. Ndiye aliyenifundisha kofia nikiwa bi harusi, sijui hata kushika kitambaa. Yeye alikuwa mkataji. Mji mzima walimjua. Kofia ikikatwa na Bi Mwanaisha, inakaa kichwani kama ilizaliwa pale. Vigezo vyake, zile karatasi ngumu za kupimia, tulivitumia sote wawili, na vilikaa kwake kwenye bati la biskuti. Miaka na miaka, vilevile.

Miaka saba nyuma nilipata mteja wa Makadara, mzee mmoja mwenye kichwa kama dafu. Kigezo cha kawaida hakikumtosha. Nikakichukua kutoka kwenye bati, nikakitia kwenye mfuko wangu, nikaja nacho nyumbani. Nikagandisha kipande cha karatasi chenye upana wa kidole kwenye ncha ya kile cha ukanda, ule unaozunguka kichwa, na lile duara la juu nikalikatia jingine kubwa. Kwa kuwa kilikuwa mfukoni mwangu, nilijiona natumia changu.

Mfuko ulikuwa wangu. Kigezo kilikuwa kilekile.

Nikamaliza kofia ya mzee, nikarudisha vigezo kwenye bati kama vilivyo, na kiraka chake. Nilisahau, wallahi. Hapo bado sikuwa na dhambi.

Kesho yake Bi Mwanaisha akakata kofia sita za harusi. Angepima nini, na kigezo anakijua kuliko mkono wake? Tukashona, tukaunganisha, zikaenda. Siku ya harusi bwana harusi na nduguze kofia zimewashuka mpaka masikioni. Watu walicheka. Mama wa bwana harusi hakucheka. Alizirudisha zote sita ndani ya mfuko wa plastiki, akauweka mlangoni kwa Bi Mwanaisha, akaenda zake.

Hapo ndipo nikakumbuka. Na hapo ndipo dhambi ilipoanza, kwa sababu kabla Bi Mwanaisha hajafungua bati, nilifungua mimi. Nikabandua kile kiraka, nikarudisha duara la zamani.

Akaja, akachukua kigezo, akapima mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Kigezo kizima," akasema. "Basi ni mimi. Macho haya yameshaniaga, Mama Rukia."

Nami nikasema nini? Nikasema, "Umri, Bi Mwanaisha, sote tunakwenda huko."

Ulimi huu huu.

Akanipa mkasi wake. Mkasi wa chuma, mzito, aliourithi kwa mamake. "Chukua, wewe bado waona." Tangu siku hiyo hajakata hata leso. Anatoboa vitundu na kuvizungushia uzi, kazi ninayompelekea mimi. Na kile kitundu, kwa msiojua, ni kidogo kama punje ya mtama. Mtu anayezungusha uzi kwenye punje ya mtama, macho yake yana nini? Nimeliona hilo kila wiki kwa miaka saba. Wiki iliyopita tu alinitania akinirudishia kofia: "Mama Rukia, mkataji gani wewe? Ukanda umekwenda upande kama mlevi wa Makupa! Ningekuwa na macho yangu ningekuaibisha." Nikacheka naye.

Nilimwacha aamini nini? Aamini kigezo, asijiamini mwenyewe.

Adhuhuri nimeswali na sijui kama nilitimiza rakaa nne. Nimeinuka kwenda dirishani mara ngapi sijui. Tuktuk ikisimama nadhani ndiye, kumbe ni mtu na mabegi yake. Nawaza: akifutwa, nimemfuta mimi. Nawaza tena: na akibaki, akabaki juu ya mgongo wa Katana, huyo nitakuwa nimemlea mimi vilevile. Nimeshalea mtu kama huyo. Ndiye anayeandika hapa.

Saa kumi na nusu.

Amerudi. Uso umevimba kidogo, amelia, lakini ameingia akiuliza chakula, na mtoto akiuliza chakula hajafa.

Amesema alingoja mpaka saa saba, wenzao wengine wametoka. Akawaita Bwana Faraj na Katana kwenye meza yake, akawaonyesha ule mstari wa zamani na ule mpya. Akasema, "Kosa la Jumatano lilikuwa langu. Alhamisi nililijua, nikanyamaza."

Bwana Faraj hakupaza sauti. Aliuliza, "Ulijuaje?" Rukia akamweleza yote, kisahani na sahani, watu walewale. Wakakaa juu ya hilo saa mbili nzima na zaidi, simu iko mkobani, ndiyo maana hakunipokea. Mwisho Bwana Faraj akasema shanga hazikuwa na kosa, kosa ni la aliyezitunga akasahau uzi ni wa nani. Kuhusu kazi hakusema lolote. Jumatatu, basi.

"Na Katana?" nikauliza.

"Katana alikaa kitini kama gunia. Kisha akasema, 'We Rukia! Siku tatu natafuta kosa nisilolifanya! Nimeshaanza kuamini sijui kuandika hata jina langu!' Halafu akacheka, Mama. Lakini macho hayakuwa yakicheka."

Akala wali wote. Alipomaliza akasema, "Nimeshasema, Mama. Jumatatu na ije." Kisha akalala palepale kwenye mkeka, kichwa karibu na goti langu, kama alipokuwa wa miaka sita.

Siku tatu tu, na kijana alianza kuamini hajui kuandika jina lake.

Bi Mwanaisha nimempa miaka saba.

Kile kiraka cha karatasi sikukitupa. Sijui kwa nini. Kiko kwenye kikasha changu cha sindano, chini kabisa, na gundi yake imekuwa ya manjano. Nimekitoa sasa hivi. Upana wa kidole, si zaidi.

Naogopa. Niseme hivyo wazi. Naogopa asinifungulie mlango tena, naogopa mtaa, naogopa zaidi kwamba atasema "haidhuru" kwa ile sauti yake ya chini. Miaka saba ya mtu hairekebishwi kwa mstari mmoja. Lakini macho yake ni yake, na mimi ndiye ninayejua kwamba hayana kasoro.

Haya maandishi siyatumi sasa. Rukia husoma humu, na Bi Mwanaisha husomewa na mjukuu wake, na si haki alijue kwa simu kabla ya kulijua kwa kinywa changu. Nitayatuma nikirudi. Kwa hiyo wewe unayeyasoma, jua kwamba nimeshabisha hodi mlango wa tatu, nimeshasema, na lolote alilonijibu nimelisikia nikiwa nimesimama mbele yake.

Kiraka nimekitia kwenye bahasha. Mkasi nimeufunga kwenye leso, ni mzito kuliko nilivyoukumbuka.

Alasiri nimeshaswali. Rukia bado amelala. Natoka.