Shingo ya Diwani

Jumamosi, 23 Agosti 2025

Nimechoka, lakini nikilala bila kuandika nitalala na hasira.

Leo Mwigobero, mwaloni, pale maboti yanaposhusha samaki. Nilikuwa nageuza dagaa kwenye turubai, mwanangu mdogo Keraryo kalala pembeni juu ya gunia. Dada yake, Wegesa, nilimwacha acheze na wenzake pale wanapokatia sangara. Mara nasikia vicheko. Vile vicheko vya watoto ambavyo mama akivisikia anajua kuna kitu kibaya. Nikanyanyua kichwa.

Wamechukua uzi wa nyavu. Ncha hii wamefunga utumbo wa samaki, na ncha ile utumbo. Wakawatupia kongoti, wale ndege wakubwa wenye upara wanaongojaga matumbo pale mwaloni. Mmoja kameza upande huu, mwenzake kameza upande ule. Sasa wanavutana! Uzi unatoka kooni kwa huyu unaingia kooni kwa yule, na watoto wanashangilia kama mpira. Na anayecheka kuliko wote ni nani? Wegesa wangu. Miaka minane.

Nikakimbia na kisu, nikakata uzi katikati. Mmoja akatapika utumbo akaenda zake. Wa pili akaruka hivyo hivyo, uzi unaning'inia mdomoni.

Benson mkata samaki akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama Wegesa, unaokoa kongoti? Huyo hata mwenye njaa hamli!"

Nikamwambia hata mimi simli, ila ana koo kama lako.

Nyumbani nikamchapa Wegesa. Nilimchapa kweli. Kila fimbo namuuliza: Utarudia? Utarudia?

Kalala bila kula.

Jumapili, 24 Agosti

Tumetoka kanisani, napika. Nikasikia sauti yangu mwenyewe nyuma ya nyumba.

"Utarudia? Utarudia?"

Keraryo. Ana miaka minne. Kashika fimbo yangu ya jana, na kuku wa jirani yangu Dafroza kafungwa mguu kwenye kigingi, hana pa kukimbilia. Anampiga na anamuuliza. Sauti ni yangu kabisa, hata ile pumzi ninayovutaga katikati!

Nilikaa chini kwenye ngazi. Sikujua nianze kumsema nani.

Kwa hiyo mimi namfundisha Wegesa asimuumize mnyonge, na nafundisha kwa kumuumiza mnyonge. Na huyu mdogo kajifunza vizuri sana. Mwanafunzi bora.

Nimevunja fimbo vipande, nimepikia ugali. Halafu nikawaita wote wawili nikawatangazia: nyumba hii hapigwi mtu. Hapigwi kuku, hapigwi paka, hapigwi mtoto.

Wegesa: "Na wewe hutupigi?"

"Na mimi."

"Na baba je?"

"Baba nitaongea naye."

Dafroza yuko upande wa pili wa ua, anasikia kila kitu, ndiyo tabia yake. "We Mama Wegesa! Sasa usipowapiga utawapigia nini, gitaa?"

Nimemrudishia kuku wake. Nimemwomba radhi. Nimemwambia gitaa sina.

Jumanne, 26 Agosti

Asubuhi Wegesa kamwaga uji wote kwenye sare ya shule. Mkono wangu ukaenda juu wenyewe! Nikaumalizia kichwani, nikajifanya nafunga kilemba. Wegesa kaniangalia. Kajua. Sote tukacheka, lakini sare chafu imekwenda shule hivyo hivyo.

Jioni nikampitisha mwaloni, tumtafute yule wa uzi. Tukamwona. Kasimama peke yake, mbali na wenzake. Wenzake wanagombania matumbo, yeye anaangalia tu. Uzi bado unaning'inia.

"Mama, ana njaa?"

"Anayo."

"Sasa mbona hali?"

"Jaribu wewe kumeza na uzi kooni."

Akataka turudi nyumbani. Nikasema hapana, simama, mwangalie kwanza. Sikumpigia kelele. Ila sikumruhusu aondoke mpaka amwangalie kweli. Hili nalo ni gumu kuliko kuchapa. Kuchapa kunaisha haraka.

Alhamisi, 28 Agosti

Leo Wegesa kaomba mwenyewe: mama, tupite. Na nani kaleta gunia la kumfunikia ndege tumtoe uzi? Benson! Kavua aproni, ananyata kama mwizi. Kongoti kamwona, kapaa, kakaa juu ya paa la ghala la barafu. Watu wamecheka. Benson kasema msicheke, huyu ni mgonjwa wangu.

Tumerudi na giza. Dagaa sijauza vizuri. Mgongo unaniuma.

Jumamosi, 30 Agosti

Hatukumwona. Tumezunguka mpaka nyuma ya maboti.

"Kapona au kafa?"

Nilitaka kusema kapona. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Nikasema: "Sijui, mwanangu. Na hatutajua."

Kalia njia nzima mpaka nyumbani Kamunyonge. Sikumnyamazisha.

Jumatano, 3 Septemba

Baba yao, Lameck, kapiga simu kutoka Nyasura anakofanya kazi. Kazi ya kiwandani imepungua, wamewapa ruhusa wiki nzima. Nikamweleza habari za fimbo. Akacheka. "Hiyo ya kwenu mjini. Sisi tumepigwa na tumekuwa watu." Sikubishana kwenye simu, salio lenyewe linakata.

Halafu akatoa lililomfanya apige. Baba yake kasema mawingu yamekaribia, anataka kulima. Mtoto wa shemeji aliyekuwaga anaongoza ng'ombe mbele kaenda bweni. Shule zinafunga Ijumaa. Basi Wegesa aende kwa babu yake Butiama, akashike kamba.

Nimesema ndiyo. Shamba lile ndilo tunalokula wote, mpaka mimi hapa mjini gunia la mtama linatoka kule. Lakini nimekaa na hofu. Nalijua shamba lile. Mbele mtoto na kamba, nyuma plau, pembeni mzee na mjeledi. Na mtoto akikua kidogo anapewa mjeledi yeye, na anajisikia mtu mkubwa.

Kwangu nimechoma fimbo. Kule si kwangu.

Jumamosi, 6 Septemba

Tumefika Butiama. Lameck katutangulia. Mama mkwe, Bibi Nyamburi, katupokea na maziwa. Wegesa kamkimbilia babu yake, Mzee Eliasi.

"Shikamoo babu!"

"Marahaba, mke wangu mdogo! Umekuja kulima au umekuja kula?"

"Kula kwanza."

Mzee kafurahi. Na huyo mjukuu wake anamvuta ndevu hivi hivi. Mimi nimesimama mbali na macho chini. Ndivyo tulivyo huku. Mkamwana na baba mkwe hatusemeshani. Simpi mkono, simwangalii usoni, sikai alipotoka kukaa. Nikiwa na shida namwambia mama mkwe, naye anapeleka.

Ng'ombe wa kulima ni wawili, Meneja na Diwani. Mzee ndiye kawapa majina. Anasemaga Meneja anafanya kazi akisimamiwa, Diwani anafanya kazi akikaribia kuchaguliwa.

Wegesa kaenda kuwasalimia. Karudi mbio. "Mama, Diwani ana kidonda!"

Nikaenda kuangalia. Ni shingoni, hapo hapo nira inapokaa. Kimechimbika, chekundu, nzi wamejaa. Mbavuni ana mistari ya mjeledi, mipya juu ya ya zamani.

Nikamwambia mama mkwe. Maneno mengi: kwamba kidonda kitaoza, kwamba apumzishwe, kwamba tuazime ng'ombe kwa jirani. Nikamwona anavuka uwanja kwenda kwa mzee, namwona anasema. Maneno yangu marefu yamefika mafupi! Karudi na jibu: "Kasema jirani naye analima. Mvua haisubiri shingo."

Si uongo. Mvua haisubiri.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya misa nimechemsha maji ya chumvi. Nimeosha kidonda, Wegesa kashika kamba. Diwani kapiga kwato, karibu anikanyage. Wegesa kamwambia pole Diwani, pole, ni mama tu, anaumizaga lakini si kwa ubaya. Nilijisikia vibaya na nikajisikia vizuri hapo hapo.

Halafu nikashona kigodoro cha kuweka chini ya nira. Nje gunia, ndani kanga yangu ya zamani, katikati pamba nimetoa kwenye mto wangu. Nimekitoboa katikati ili kidonda kisiguswe. Mama mkwe kakaa karibu, kanipa sindano ya magunia.

Lameck kasimama mlangoni. "Mama Wegesa, unaniaibisha. Mke wangu anamshonea ng'ombe mto!"

"Ni mto wangu, si wako."

"Ng'ombe hajui maneno. Anajua fimbo."

"Amefundishwa fimbo. Ndiyo maana anajua fimbo."

Nikamuuliza, wewe hujawahi kuninyanyulia mkono, ulifundishwa na nani? Kaangalia upande wa mama yake. Mama mkwe naye kainamia uzi kama hasikii. Lameck kaondoka. Baadaye nimemwona zizini, anapima kile kigodoro kwenye nira. Anafikiri sijamwona.

Jumatatu, 8 Septemba

Mvua imepiga alfajiri. Ardhi imelainika. Tumeshuka shambani wote.

Naandika nimekaa juu ya gunia la mbegu pembeni ya shamba. Mambo yalivyokwenda ni hivi.

Walifunga nira. Kigodoro kipo, mzee kakiona, hakukitoa. Lameck nyuma kwenye plau, Wegesa mbele na kamba. Mzee akanyanyua mjeledi kabla hata hawajaanza. Kama mtu anavyopiga hodi, ndivyo alivyozoea.

Wegesa akaachia kamba. Akaja akasimama ubavuni mwa Diwani, kati yake na mjeledi.

"Babu, usimpige. Ana kidonda."

"Toka hapo, mke wangu."

"Sitoki."

Mkono wa mzee ukabaki juu. Lameck akaita, "Wegesa! Heshima!" Na mimi nilijua kuheshimu mkubwa nilimfundisha mwenyewe, na hili nalo nimemfundisha mwenyewe, na leo yamekutana kwenye mtoto mmoja asiyenifikia kifuani. Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Si mimi wa kusema naye.

Wegesa akasema taratibu, bila jeuri: "Babu, mimi nilimfunga ndege uzi. Nilikuwa nacheka. Sijui kama kafa. Wewe usifanye hivyo, utakuja kulia usiku."

Meneja kakojoa.

Mzee kashusha mkono. Kavuta pumzi. Kasema ng'ombe ndio waliomsomesha baba yako, unafikiri nawachukia? Wegesa kasema basi waambie asante. Bibi Nyamburi kule nyuma kakohoa, lakini kile hakikuwa kikohozi.

Ndipo mzee akatoa amri yake. "Haya. Umekuja na masomo ya mjini, tuyaone. Mstari mmoja, kwenda na kurudi. Kwa maneno yako. Wakilima, mjeledi tutautundika. Wakigoma, narudi kwenye kazi yangu na wewe unakaa na mama yako." Akamwita Keraryo, akampa mjeledi. "Shika, mwanaume. Dada yako akishindwa, unaniletea."

Keraryo kaupokea kwa mikono miwili. Uso wake sikuupenda. Ule uso nilishauona kwa yule kuku.

Wameanza. Wegesa anaongea nao njia nzima, sijui anawaambia nini, anawatajia majina, anawatajia mtama, anawatajia maji. Na wamekwenda! Polepole, mstari umepinda kama mlevi, lakini wamekwenda mpaka mwisho wa shamba. Lameck kasahau kununa, anasema haya baba, haya Diwani.

Wamegeuka. Sasa wanarudi.

Katikati hapa Diwani kasimama.

Wegesa anavuta kidogo. Hasogei. Kaacha kuvuta. Kamwekea kiganja kwenye paji, anamsemesha. Diwani kageuza sikio moja. Miguu bado.

Mzee anangoja. Kaangalia mawingu. Kaangalia tena. Upande wa Bunda kumekuwa kweusi.

Sasa ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Keraryo. Lete."

Keraryo haji.

"Keraryo! Mjeledi uko wapi?"

Keraryo kakaa hapa karibu nami, kwenye majani mabichi, kanyoosha miguu mbele, mikono mapajani. Anamwangalia babu yake kwa macho makubwa. Mikono mitupu. Hatingishiki. Ncha ya mjeledi inaonekana kidogo chini ya kaptula yake.

"Nani kauona mjeledi?" Mzee anauliza watu wote. Lameck anatikisa kichwa. Bibi Nyamburi anasema labda umeusahau kule juu. Mzee anageuka huku kwangu.

Mimi ni mkamwana. Mimi na baba mkwe hatusemeshani. Simwangalii usoni. Ndivyo tulivyo huku, na leo nashukuru ndivyo tulivyo. Naandika tu, nisije nikanyanyua kichwa. Wegesa bado anaongea na Diwani, namsikia. Mnyororo wa plau umelia kidogo, sijui ni upepo au Diwani kanyanyua mguu.