Shibiri Mbili Kamili

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Shingo ya gita langu imeharibika! Nimelitoa leo nijinoe kwa ajili ya harusi ya binti yangu Florence, nakuta shingo imejipinda kama muhogo. Mvua za mwezi wa tano zilipenya chini ya bati mpaka kwenye kona ninapoliweka, na mimi nilikuwa nimelala zangu. Nyuzi zimesimama mbali na ubao. Ukibonyeza unasikia zzz tu. Kiwiliwili kizima, umeme mzima. Ni shingo tu.

Loy anasema si shingo tu. Huyu mke wangu akishakaa kwenye cherehani yake hana adabu kabisa. Ati hata kabla ya mvua nilikuwa nakosea. Nimemwambia ashone nguo za watu.

Haya, niandike, maana hakuna anayesoma. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vina ganzi tangu mwaka jana. Daktari wa kliniki alisema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kiwiko, niende Mbale kwa mtaalamu. Sikwenda. Daktari anasema mkono. Mimi nasema shingo. Kwa shingo iliyopinda, nani asingekosea?

Harusi tarehe thelathini, kijijini kwetu Mella. Florence ameomba kitu kimoja kwangu. Si hotuba, si zawadi. Nimpigie wimbo wake akishuka kwenye gari.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeufikiria huo wimbo siku nzima.

Alipozaliwa nilimpima kwa mkono, maana kumbeba niliogopa. Kisigino hadi utosi — shibiri mbili kamili. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Sawasawa na shingo ya gita langu! Wimbo nikauita hivyo hivyo, Shibiri Mbili. Hauna neno hata moja. Ni solo tupu, inapanda mpaka freti za mwisho, vile vichuma vya karibu na tumbo la gita, na huko juu kidole kidogo ndicho fundi. Hatukuurekodi. Uko mkononi mwangu, basi.

Kesho kutwa navuka kwenda Busia ya Kenya, dukani kwa Ibra, kununua shingo nyingine. Loy amesema nibebe ile shingo ya zamani ya kulinganishia, au nibebe tepu yake ya ushonaji. Tepu! Mimi gita langu nalijua kwa shibiri tangu ujana. Nimekwenda na wanamuziki mipaka yote hii, sijawahi kubeba tepu.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimenunua!

Ibra alinipigia ridhim miaka yote ya bendi yetu. Siku hizi anauza spika na vinanda vya mtumba, na shingo za gita amezitundika ukutani kama samaki wa Majanji kule ziwani. Alinikumbatia, akaniita jadwong, yaani mzee kwa lugha ya kwetu, akasema tumbo langu limehamia Kenya kabla yangu. Mjinga huyo. Nimemkumbuka sana.

Nilizishika moja moja, macho nimefumba. Ya kwanza nene mgongoni, mkono haufungi. Ya pili nyembamba, nzuri, lakini ndefu. Nikapima kwa mkono wa kushoto kama siku zote, dole gumba hadi kidole kidogo. Ndefu! Ya tatu ndefu. Ya nne ndefu. Nikamwambia Ibra hawa watengenezaji wa siku hizi wamelewa, wanarefusha shingo bila sababu.

Mwisho kwenye boksi chini nikapata moja nyeusi. Shibiri mbili kamili. Nyembamba mgongoni, laini. Ibra akasema, "Mzee, hiyo naona kama fupi." Nikamwambia wewe ulikuwa ridhim, mambo ya solo niachie mimi. Akacheka. Akaifunga kwenye gazeti.

Jumapili, 10 Agosti

Tumerudi kutoka kanisani, nikafungua skrubu hata kabla ya chakula. Shingo mpya imeingia kwenye nafasi yake vizuri. Nimekaza, nimetia nyuzi. Chini huku zinaitikia. Kupanda juu — uongo mtupu! Kila freti inaimba wimbo wake. Nikailaza kando ya ile ya zamani.

Fupi. Fupi kwa vidole vitatu!

Ibra amenibadilishia! Wakati wa kufunga gazeti. Nilipima mwenyewe, kwa mkono wangu mwenyewe. Rafiki wa miaka yote! Loy anasema nisikimbilie kusema. Chakula sikula.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimemtukana Ibra mbele ya wateja wake. Nimemwita mwizi, na mama mmoja aliyekuja kununua redio akatoka nje.

Yeye hakupandisha sauti. Alisema tu, "Pima basi, mzee. Pima mbele yangu."

Nikapima ile mpya. Shibiri mbili kamili. Nikasema unaona? Kisha akanipa ile ya zamani, safari hii nilikuwa nimeibeba pamoja na gita. Shibiri moja. Shibiri mbili. Mkono umefika mwisho, na ubao bado unaendelea. Vidole vitatu zaidi.

Nikapima tena. Nikapima tena.

Ibra akaniuliza polepole, "Mbao inaweza kukua, mzee?" Hakuwa ananicheka. Akauchukua mkono wangu, akajaribu kukinyoosha kile kidole kidogo. Hakikufika. Kimejikunja, na mimi siku zote najua kimenyooka. Nilikuwa nakiona kimenyooka!

Nimetoka bila kusema samahani. Gita nimeliacha pale.

Jumatano, 13 Agosti

Jana sikuandika.

Loy amenikanda mkono kwa maji ya moto. Hakusema "nilikuambia". Angesema ingekuwa afadhali.

Jumatano, 20 Agosti

Ibra amekuja mwenyewe Tororo na gita langu mgongoni. Ametia ile shingo ya pili, ile nzuri niliyosema ndefu. Kabla sijafungua mdomo kuomba msamaha, akamwomba Loy tepu yake, akapima mbele yangu, akaniambia kazi imekwisha. Ndiyo tabia yake, hakuachii nafasi ya kujidhalilisha.

Akapiga kidogo, kujaribu. Jamani! Gita langu. Sauti ileile, tamu, hakuna zzz. Nilitoka nikaenda nyuma ya jiko nikalia, kuku wakinitazama.

Maana sasa shingo ni nzima. Sina cha kusingizia.

Nilipojaribu mimi, vidole vya mbele vikaenda, vile viwili vikalala juu ya nyuzi. Ibra aliangalia pembeni.

Ijumaa, 22 Agosti

Mbale. Mtaalamu ni kijana, mpole. Tumechelewa, amesema. Wakipasua kiwiko wanaweza kuzuia ugonjwa usizidi. Kurudisha, hakuahidi. Loy aliuliza maswali yote. Mimi nilikuwa naangalia mikono ya daktari, jinsi inavyofunguka.

Jumatatu, 25 Agosti

Ibra anataka nimfundishe wimbo. Nimemwambia hapana. Amempigia Loy. Loy amesema mtoto akishuka kwenye gari kimya kimya nitajisikiaje? Nimemwambia ashone. Amesema gauni la harusi limekwisha, hana cha kushona, atakaa hapa anitazame mpaka nijibu.

Nimejibu.

Alhamisi, 28 Agosti

Siku ya tatu namwimbia Ibra kwa mdomo, yeye anatafuta kwenye nyuzi. Ti-ri-ri, hapana, shuka, hapo, rudi. Ana mkono wa ridhim, kila kitu anakipiga kimenyooka kama mstari wa rula. Ile sehemu ya mwisho nilikuwa nachelewa kidogo, halafu naikimbilia. Nimeshindwa kumweleza. Haielezeki, ilikuwa inatoka yenyewe.

Leo ameupata. Wote, mwanzo hadi mwisho. Nikampigia makofi. Imeniuma kuliko siku ya Mbale.

Florence hajui. Ameuliza kwenye simu kama gita limepona. Nimesema limepona. Si uongo.

Jumamosi, 30 Agosti

Mella. Niko nyuma ya hema, kwenye kreti la soda, naandika juu ya goti. Tai inanikaba.

Gari limefika. Mshereheshaji ametangaza, watu wamesimama, kina mama wanapiga vigelegele. Ibra ameanza. Hakukosea hata freti moja! Nimesikiliza nimeinamisha kichwa.

Mlango wa gari haukufunguka.

Akarudia mwanzo. Haukufunguka. Loy akaenda dirishani, wakaongea. Amekuja huku mbio na viatu mkononi. Florence amesema: "Huyo ni Ibra. Mimi nasubiri Baba."

Nimemuuliza Loy, hukumwambia habari ya mkono? Amemwambia. Amemwambia yote hapo dirishani. Florence amesema amesikia, na bado anasubiri.

Ibra amenyamaza. Vigelegele vimekatika, watu wanageuza shingo kutafuta nilipo. Kutoka hapa namwona — amesogea pembeni kwenye benchi, gita ameliegemeza mahali pangu. Hata haangalii huku.

Nina vidole viwili na dole gumba. Ile sehemu ya juu haitatoka. Labda ile ya chini, taratibu, labda

Loy anataka hii kalamu.